Kuzaa kawaida bila dripu ya uchungu: jua haya kabla siku haijafika

Kila mwenye mimba siku hizi anasema anataka kuzaa mwenyewe, hataki dripu ya uchungu (dawa ya mshipani ya kuongeza uchungu) wala kuongezwa njia, yaani kukatwa pale chini. Haya sawa, lakini ukitaka mwili ufanye kazi yake lazima uijue kazi yenyewe, la sivyo uchungu wa mwanzo tu ushapiga ukelele na gari ishakodiwa. Na kuzaa bila kuingiliwa si kuzaa bila mkunga, mkunga awepo akupime presha na asikilize moyo wa mtoto, mengine akuachie.

Uchungu wa kweli aghlabu unaanzia kiunoni unakuja mbele, unaachia, unarudi, kila ukirudi unazidi, hata ukilala hauondoki. Unaweza kuona ute wenye damu kidogo. Hapo mwanzo inaweza kupita siku nzima, kaa nyumbani, kula, tembea uani, lala ukiweza. Kwa mimba ya kwanza, uchungu ukifika kila dakika 5 na kila mmoja unakaa kama dakika nzima, kwa muda wa saa moja, ondoka. Aliyekwisha kuzaa asingoje hivo, na mulio visiwani kama Tumbatu au Kojani munaohitaji chombo kuvuka tokeni mapema zaidi, musisubiri usiku maji yashakupwa.

Wodini utasikia sentimita. Zamani ilikuwa mlango wa kizazi usipofunguka sentimita 1 kila saa ushaambiwa unachelewa, lakini Shirika la Afya Duniani 2018 walisema hiyo si sheria ya kila mwanamke, uchungu wenyewe wanauhesabu kuanzia sentimita 5 na mimba ya kwanza unaweza kuchukua hadi masaa 12. Kwa hivo ukiambiwa uwekewe dripu uliza kwa adabu, mtoto yuko salama? mie niko salama? tukingoja kidogo je? Wakati huo usilale chali tu, simama, piga magoti uegemee kitanda, mtu akukande kiuno, toa sauti nzito ya chini maana ukelele mkali unakuchosha bure. Kunywa maji, kula tende (Bi Maryam mwenyewe kwenye uchungu aliambiwa autikise mtende ale), na nenda haja ndogo kila mara, kibofu kikijaa kinamzuia mtoto kushuka.

Kusukuma usianze mpaka mlango ufunguke wote, sentimita 10, na mwili wenyewe ukusukume kama unataka haja kubwa. Unaweza kuchutama au kulala ubavu. Sasa hapa ndo pa kusikiliza vizuri: kichwa kikitokeza utahisi pale chini panawaka moto, ACHA kusukuma kwa nguvu, fungua mdomo uheme hah hah hah, kichwa kitoke taratibu nyama ivutike, wengi wanachanika kwa pupa ya dakika hiyo.

Mtoto awekwe kifuani bila nguo, mfunikwe pamoja, kitovu kisikatwe kabla ya dakika 1, hata 3 sawa. Halafu kuna sindano ya oksitosini ya kuzuia damu baada ya mtoto kutoka, hiyo mie naikubali bila ubishi, damu ya uzazi inaua haraka mno.

Mizizi na mafuta ya nyonyo ya kuongeza uchungu tuyaache jamani, kizazi kinaweza kupasuka. Na mwenye kovu la operesheni, mapacha, presha, au mtoto aliyetanguliza matako, huyo aende hospitali kubwa apange na daktari mapema. Ukiona damu nyingi, maji ya kijani, kichwa kinauma macho yanaona ukungu, au mtoto kaacha kucheza, mipango yote iweke kando ukimbie hospitali, hata kama saa ni nane za usiku.

Ukienda kliniki tena uliza kama wanaruhusu mtu wako aingie chumba cha kuzalia, mama au somo (kungwi) wako, kuna pahala wanakubali na pahala hawataki, bora ujue sasa.