Somo: Jinsi ya kuhojiwa na Baba Yaga, kumwuliza, na kutoka kwake mzima

Ndugu wapenzi wa hadithi, leo tunaingia kwenye msitu wa Warusi. Wengi humsimulia Baba Yaga kama mchawi anayekula watoto, wakaishia hapo. Hiyo ni nusu ya habari. Katika hadithi za kale za Warusi, Waukraine na Wabelarusi, bibi huyu ni wa maswali. Anauliza, anaulizwa, na mgeni huishi au hufa kutokana na maneno yake mwenyewe. Nimezipanga hatua hizi kwa anayetaka kumsimulia bila kumharibu.

Hatua ya 1: Semesha nyumba

Kibanda chake kimesimama juu ya miguu ya kuku, na mlango umeelekea msituni. Usikizunguke kuutafuta. Simama useme: "Kibanda, ewe kibanda, upe msitu mgongo, unipe mimi uso." Kitageuka chenyewe. Msimuliaji usiiruke kauli hii, kwa maana mara ya pili watoto wataisema pamoja nawe.

Vladimir Propp, mtaalamu wa Urusi, katika utafiti wake wa mwaka 1946 alikiona kibanda hiki kuwa kizingiti kati ya nchi ya walio hai na nchi ya wafu. Huwezi kukikwepa, sharti upite ndani yake. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini mwenye nyumba amelala kama maiti jenezani: amejaa kibanda kutoka kona hadi kona, mguu wake ni mfupa mtupu, na pua imegota darini.

Hatua ya 2: Subiri akunuse

Atakunusa kwanza. "Fu, fu! Nasikia harufu ya Mrusi!" Kisha swali: umekuja kwa hiari yako au umelazimishwa? Katika hadithi moja kijana aitwaye Ivan anamjibu kwamba amekuja kwa hiari, na maradufu ya hiyo kwa kulazimishwa. Jibu hilo nalipenda kupita kiasi. Hakuna aliyewahi kuanza safari ngumu kwa hiari tupu, na bibi anaujua ukweli akiusikia.

Hatua ya 3: Dai haki ya mgeni

Kama mgeni ni kijana wa kiume, mara nyingi humkemea Yaga: mgeni hulishwa, hunyweshwa, hupashiwa bafu la mvuke, ndipo huulizwa habari. Na Yaga hutii! Anaandaa meza. Mtu mwenye ua wa mifupa na mafuvu ya watu, naye anafungwa na adabu ya kupokea mgeni. Wasichana hushika njia nyingine. Vasilisa, msichana aliyefiwa na mama katika hadithi maarufu ya Warusi, anainama na kusema, "Ni mimi, bibi. Binti za mama wa kambo wamenituma nije kuomba moto." Njia zote mbili zinafaa, mradi mgeni asijifiche.

Hatua ya 4: Maliza kazi

Kufagia, kupika, kufua, na kuchambua ngano iliyochanganyika na mbegu nyeusi za magugu, ndugu za habasoda. Kesho yake, kusafisha mbegu za mpopi zilizochanganywa na udongo. Vasilisa anasaidiwa na mwanasesere aliyepewa na mama yake akiwa kitandani anakufa. Humlisha, humweleza shida zake, kisha hulala.

Hatua ya 5: Uliza ya nje, ya ndani yaache

Hapa ndipo moyo wa hadithi ulipo, msiharakishe. Jioni ya pili Yaga anakula, Vasilisa amesimama kimya. "Mbona husemi kitu?" Msichana anaomba ruhusa ya kuuliza. "Uliza, lakini si kila swali huleta heri. Ukijua mengi utazeeka upesi."

Anauliza kuhusu wapanda farasi watatu aliowaona njiani. Mweupe? "Ni mchana wangu mweupe." Mwekundu? "Ni jua langu jekundu." Mweusi? "Ni usiku wangu mweusi." Sikilizeni hilo neno "wangu". Bibi wa msituni anasema mchana, jua na usiku ni watumishi wake, na anasema hivyo akitafuna chakula.

Kisha Vasilisa ananyamaza. Ndani ya nyumba ameona kitu cha kutisha kuliko farasi wote, lakini hakiulizi. "Mbona huulizi zaidi?" "Yanatosha. Umesema mwenyewe, bibi, kujua mengi ni kuzeeka." Ndipo Yaga anamfunulia: umefanya vizuri kuuliza ya nje ya ua wangu tu, maana sipendi ya ndani yatolewe nje, na wadadisi kupita kiasi nawala.

Hatua ya 6: Jibu swali lake la mwisho kwa ukweli

"Unawezaje kumaliza kazi zangu?" "Baraka ya mama yangu inanisaidia." Yaga anamfukuza papo hapo, kwani hataki waliobarikiwa nyumbani mwake. Lakini anampa moto aliotumwa: fuvu lenye macho yanayowaka, limechomekwa kwenye kijiti. Nyumbani, macho hayo yanawakodolea mama wa kambo na binti zake hadi wanakuwa majivu.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Kama ni bibi, kwa nini anaitwa Baba?

Marahaba. Kwa Kirusi "baba" ni mwanamke, hasa mwanamke mzee au wa kijijini, na "babushka", yaani bibi, limetoka shina hilohilo. Ukisimulia, lieleze mwanzoni kabisa, la sivyo watoto watamwona mwanamume mwenye ndevu hadi mwisho. Wacheki na Waslovakia humwita Ježibaba.

Anapanda ufagio kama wachawi wa Ulaya?

Hapana, dada. Anapanda kinu. Amekaa ndani ya kinu, mchi anaongozea, na ufagio anafutia nyayo zake nyuma. Kwetu picha hii haihitaji maelezo. Kila mtoto aliyeona mama akitwanga ataiona.

Ni kweli alikuwa mungu wa kale?

Mwaka 1755 Mikhail Lomonosov, mwanachuoni wa Urusi, katika kitabu chake cha sarufi ya Kirusi, aliorodhesha miungu ya Waslavi kando ya ile ya Warumi. Perun, mungu wa radi, alimweka mkabala na Jupiter wa Warumi, lakini Yaga hakumpatia mwenzake. Hayo ni miongoni mwa maandishi ya mapema yanayomtaja waziwazi. Mimi simwiti mungu. Namsimulia kama wanakijiji walivyomsimulia kwa wakusanyaji wa hadithi ambazo Alexander Afanasyev alizichapa kuanzia 1855.

Mwanangu ana miaka mitano. Nianze na ipi?

Usianze na Vasilisa, kaka, lile fuvu ni zito kwake. Anza na msichana aliyetumwa kwa Yaga kuomba sindano na uzi. Anamhurumia paka kwa kumpa nyama, mbwa mkate, lango mafuta, mti utepe, na wote wanamwachia apite. Yaga anapomgombeza paka, paka anamjibu kwamba miaka yote amemtumikia bila kutupiwa hata mfupa. Kisha Yaga anamkimbiza, msichana anatupa nyuma yake taulo, linageuka mto, anatupa kitana, kinageuka msitu, na bibi anarudi nyumbani mikono mitupu.

Umetaja kitu cha kutisha ndani ya nyumba. Ni nini?

Ni jozi tatu za mikono. Yaga anaita, "Watumishi wangu waaminifu, marafiki wa moyo wangu, sageni ngano yangu!" Mikono inatokea, inachukua ngano, inatoweka. Wapo wasimuliaji wanaoongeza kwamba ni mikono ya waliokwisha kuliwa. Nawaomba msiongeze. Iseme amri ile taratibu, nyamaza kidogo, endelea. Mtoto akiuliza ni mikono ya nani, mwambie Vasilisa naye aliikumbuka wakati wa kuuliza, akanyamaza.