Kasri la Praha: usimpeleke mgeni Jumapili asubuhi

Ndugu zetu wakitua Praha, mji mkuu wa Ucheki tunakoishi, hata mabegi hawajafungua, wameshaomba kupelekwa kwenye lile kasri lenye kanisa. Na kwa kuwa Jumapili ndiyo siku isiyo na kazi wala masomo, tunawapeleka Jumapili asubuhi. Hapo ndipo wengi wetu tumeumia. Kanisa Kuu la Mtakatifu Vitus halipokei watalii Jumapili kabla ya saa sita mchana. Asubuhi ni ya misa. Tiketi unayo, mwongozaji umeshamlipa, mama mkwe anatetemeka kwa baridi, na mlinzi habishani na mtu: anakuonyesha bango lililoandikwa 12:00, basi.

Mgeni akitaka kusali, mpeleke misani. Ibada haina kiingilio. Ila mkiingia kwa misa mkae mpaka mwisho, simu ziwe mfukoni, na msidhani mtabaki mkizunguka kupiga picha. Kutalii ni saa sita na kuendelea, kwa tiketi. Jumapili asubuhi hapana. Tunarudia kwa sababu kila kiangazi kuna jamaa anayesema "tutaongea nao tu."

Mtego wa pili ni neno "matembezi". Nyumbani unafika Ngome ya Yesu, unalipa getini, unapatana na kiongozi, mnaingia. Huku mwongozaji ni kitu kimoja na tiketi ya ndani ni kitu kingine. Matembezi mengi yanayouzwa mtandaoni, pamoja na yale ya kumfuata mwongozaji mwenye mwavuli yanayoitwa ya bure, huishia uani. Ya bure maana yake bahshishi mwishoni. Na viwanja vya kasri havina kiingilio kwa mtu yeyote, kwa hiyo usipoangalia utakuwa umelipia kusimuliwa habari za kuta kutoka nje. Kabla ya kutoa pesa uliza mambo matatu: tunaingia ndani ya Vitus na ndani ya Basilika ya Mtakatifu George? Tiketi imo kwenye bei? Ni siku gani, saa ngapi? Jibu likiwa "tutapita hapo", maana yake hamuingii. Mwongozaji anatakiwa na sheria avae kadi yake ionekane. Asiye nayo, mwache. Papasi wa Forodhani kule Zanzibar, anayewaandama watalii, unamtambua kwa mbali, lakini wa huku ana adabu na Kiingereza kilichonyooka, ndiyo maana wageni wetu wanamwamini haraka mno.

Tiketi nunua kwenye tovuti ya kasri lenyewe au dirishani ndani ya kasri. Hakuna bei ya mwenyeji, kwa hiyo kibali chako cha kuishi hakipunguzi kitu. Kinachopunguza ni umri wa miaka 6 hadi 16, kuwa mwanafunzi wa hadi miaka 26, kuwa mzee wa zaidi ya miaka 65, au tiketi ya familia: watu wazima wawili na watoto hadi watano wasiozidi miaka 16. Binamu wa miaka 30 si mtoto, hata kama umemlea. Tiketi hudumu siku mbili mfululizo, lakini kila jengo unaingia mara moja tu. Shangazi akitoka Vitus kwenda kutafuta choo, harudi ndani. Wote waende kabla. Mnara mkuu wa kusini una tiketi yake peke yake na ngazi 287; mwenye goti bovu asishawishiwe.

Majengo hufungwa saa kumi jioni kuanzia Novemba hadi Machi, saa kumi na moja miezi mingine, na kuingia hukatishwa mapema zaidi.

Njia ya kumtembeza mzee ni ya kuteremka. Pandeni tramu namba 22, mgonge tiketi kwenye kisanduku cha njano, mshuke Pohořelec. Hapo mna monasteri ya Strahov ya karne ya 12, kisha Loreta, mahali pa hija palipoanzishwa 1626, penye nakala ya Nyumba Takatifu ya Nazareti, yaani nyumba ya Bikira Maria, na kengele 27 zinazopiga wimbo wa Bikira Maria kila saa. Fikeni dakika tano kabla ya saa kamili. Kutoka hapo ni mteremko hadi lango la kasri. Barabara ni ya mawe, viatu vya visigino vibaki nyumbani.

Ndani ya Vitus usiruhusu kikundi kikimbilie madirisha. Kanisa lilianza kujengwa 1344 likakamilika 1929. Simama katikati umwonyeshe mgeni kwamba upande wa altare ni wa kale na upande wa mlango mkuu ni wa juzi. Kikanisa cha Mtakatifu Václav, tunayemwita Wenseslaus, mtakatifu msimamizi wa Wacheki, hakiingiliki: unachungulia mlangoni, kwa hiyo wafupi na watoto watangulie. Kaburi la fedha la Yohane wa Nepomuk, padre aliyetoswa mtoni 1393, ndipo Wakatoliki wetu husimama wakapiga ishara ya msalaba. Waachie nafasi. Wanaume wavue kofia. Ushungi wa dada hauna tatizo. Kisha Basilika ya George, alikozikwa Ludmila, bibi yake Václav. Ndogo, tulivu, na kwetu sisi ndiyo yenye utakatifu unaosikika mwilini.

Watu watakwambia Wacheki hawana dini, na kweli katika sensa ya 2021 karibu nusu walijibu hivyo. Lakini hawa hawa walivutana mahakamani miaka mingi, serikali na Kanisa, kuhusu nani mwenye Vitus, hadi walipokubaliana 2010 kulitunza pamoja. Mtu hagombei asichokipenda. Ukimya wao mlangoni si chuki kwa mgeni mweusi. Ni namna yao ya kuheshimu mahali, nasi tungefaidika kuiga.

Jambo la mwisho ni pesa, kwa sababu mgeni atataka kubadilisha euro njiani. Akipunjwa kwenye duka la kubadilishia, sheria tangu 2019 inampa muda wa saa tatu kutengua muamala usiozidi thamani ya euro 1,000. Ashike risiti. Bila risiti hana dai.

Tokeni kwa Ngazi za Kale za Kasri mpaka kituo cha metro cha Malostranská. Mvua ikinyesha mawe yale huteleza, basi mzee ashike ukuta.