Madaktari, ukihisi mlipuko wa ugonjwa usikae kusubiri majibu ya maabara

Milipuko mingi inagunduliwa na daktari mmoja alieona kitu hakikai sawa akachukua simu. Mwaka 1999 kule Queens, New York, dk Deborah Asnis alikuwa na wagonjwa wawili, wawili tu, wana homa ya ubongo na misuli imelegea kwa namna asiyoizoea, akapiga simu idara ya afya ya jiji, na hapo ndo ikaja kujulikana kwamba virusi vya West Nile vimefika Marekani kwa mara ya kwanza. Jina la ugonjwa hakuwa nalo, alikuwa na wasiwasi tu na ukatosha.

Kwa hiyo usijibebeshe mzigo wa kutaja ugonjwa kabla hujasema chochote. Kazi yako ni kuona kisicho cha kawaida, na huwezi kukiona kama kawaida yenyewe huijui, basi fungua rejista kila wiki uangalie homa ngapi, kuhara ngapi, nimonia ngapi, linganisha na wiki zilizopita na msimu kama huu mwaka jana. Halafu kuna vitu vya kukushtua hata bila hesabu: vijana wazima wa afya wanaingia na nimonia kali, watu wa nyumba moja au waliokuwa kwenye shughuli moja wanaumwa pamoja, nesi aliemhudumia mgonjwa nae kaanza homa (hii mimi naiweka juu kuliko zote), wanyama wanakufa eneo analotoka mgonjwa. Na kuna magonjwa ambayo mgonjwa mmoja anatosha kupiga simu. Mtoto chini ya miaka 15 kapooza ghafla na viungo vimelegea, ripoti. Homa na kutokwa damu bila sababu unayoielewa, ripoti. Mtu wa miaka 2 kwenda juu anaharisha maji mpaka anakaukiwa vibaya au anafariki, hapo shuku kipindupindu hata kama hakuna aliyetangaza mlipuko.

Maswali ya kumuuliza mgonjwa yanasahaulika sana foleni ikiwa ndefu. Umetoka wapi wiki tatu zilizopita, nani mwingine anaumwa, ulihudhuria mazishi, unafanya kazi gani, umeshika mnyama mgonjwa au mzoga, unakunywa maji ya wapi, umechanjwa? Wiki tatu nimeitaja makusudi, maana Ebola inaweza kukaa mwilini siku 2 mpaka 21 kabla ya dalili, ukiuliza ya wiki hii tu umeikosa. Na jibu la "hapana" lisikufungie mlango. Lagos, Julai 2014, alilazwa msafiri aliyeanza kutibiwa malaria, akakana kukutana na mgonjwa wa Ebola, nafuu hakuna, dk Ameyo Stella Adadevoh akashuku na akakataa kumruhusu atoke japo alishinikizwa. Yeye mwenyewe alifariki kwa Ebola tarehe 19 Agosti mwaka huo. Nigeria ikaishia wagonjwa 20 na vifo 8, japo ulianzia kwenye jiji lenye mamilioni ya watu! Guinea ugonjwa ulianza Desemba 2013 ukaja kutambulika Machi 2014, na Afrika Magharibi ikapoteza watu zaidi ya 11,000. Malaria na ugonjwa mwingine vinaweza kukaa kwa mtu mmoja, akitibiwa asipate nafuu rudi mwanzo ufikirie upya.

Sasa umeshuku, unafanya nini? Kwanza kabla hata ya simu mtenge mgonjwa. Anakohoa mvalishe barakoa umpeleke chumba cha peke yake chenye mlango unaofungwa, kama unahisi surua kumbuka virusi vyake vinaweza kubaki hewani kwa muda wa mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Punguza wanaoingia, glavu na gauni, mikono inaoshwa, na andika jina la kila aliyeingia. Kumtenga sio kumtelekeza jamani, anayeharisha aongezewe maji hapohapo, anayeshukiwa homa ya uti wa mgongo apewe antibayotiki bila kuchelewa, sampuli ichukuliwe kabla ya dawa kama inawezekana lakini dawa isingoje sampuli. Wapigie maabara kabla ya kutuma, wakwambie chombo gani, ubaridi gani, na wajue wanachopokea wasije wakaambukizwa.

Halafu piga simu kwa anayehusika na ufuatiliaji wa magonjwa eneo lako, siku hiyohiyo. Sema dalili, wangapi, wanatoka wapi, zilianza lini, umeshafanya nini, basi. Kuna mabosi watakwambia subiri usilete taharuki, wape heshima yao ila simu ipigwe, maana kwa kanuni za kimataifa za afya za 2005 nchi ikishatathmini kwamba tukio linaweza kuwa dharura ya kimataifa ina saa 24 kulitaarifu Shirika la Afya Duniani, na saa hizo hazianzi kuhesabika kama wewe umenyamaza. Ikija kuonekana sio mlipuko hakuna kilichoharibika.

Wakati unawasubiri anza orodha kwenye karatasi yoyote: jina, umri, jinsia, anapoishi, kazi, tarehe dalili zilipoanza, hali yake sasa. Tarehe ya dalili kuanza, sio ya kufika hospitali, wengi wanakosea hapa na orodha nzima inapotosha. Ukiwapanga kwa siku utaona mwenyewe, wakipanda ghafla kwa pamoja kisha wakashuka huenda walikula au kunywa kitu kimoja, wakija kwa mawimbi mawimbi basi wanaambukizana, na hiyo inaamua kama utafute kisima au utafute watu waliogusana na mgonjwa.

Wafanyakazi waliomhudumia wapimwe joto kila siku kwa muda wote ambao ugonjwa unaweza kujificha mwilini, kwa Ebola siku 21. Mlipuko wa Ebola wenyewe hautangazwi kuisha mpaka zipite siku 42 tangu mgonjwa wa mwisho apime hana virusi au azikwe, na muda wote huo chumba cha kutengea kibaki tayari na rejista iendelee kusomwa kila asubuhi.