Kabla hujafunga tairi kubwa kwenye ndege ya porini, zingatia haya

Ukiziangalia Super Cub, zile ndege ndogo za Piper, za Alaska zinavyotua kwenye kokoto katikati ya mto, tairi zimevimba kama maboya, unatamani tairi za inchi 35 hapohapo. Lakini zile tairi zimezaliwa na ardhi ya kule, kokoto na tundra, yaani uwanda wa baridi usio na miti, yenye majimaji, na rubani wa kule mara nyingi anatoka changarawe anarudi changarawe. Wewe ndege yako inalala uwanja wa Wilson, Nairobi, lami tupu, ndo asubuhi inaelekea Tsavo. Kwa hiyo cha kwanza kabisa jiulize, katika kutua kwako kumi ni mara ngapi unatua kwenye lami? Raba laini ya tairi za porini inalika haraka mno kwenye lami, hasa ukikanyaga breki, na Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya bahari, hewa nyepesi, kwa hiyo kasi yako halisi unapogusa chini ni kubwa kuliko sindano ya kasi inavyokuonyesha. Kama lami ndo nyingi, mimi nasema baki na saizi ya 8.50-6 au panda hadi inchi 26, basi. Inchi 31 na 35 waachie wanaotua mchangani na kwenye mawe kila siku.

Namba zisikuchanganye. 26x10.5-6 maana yake kimo inchi 26, upana 10.5, na rimu ya inchi 6. Kwenye 8.50-6 ile namba ya kwanza ni upana, si kimo, kimo chake ni kama inchi 22.

Sasa uzito, na hapa usikubali kuambiwa uzito wa tairi peke yake. Weka kwenye mizani tairi, tyubu, rimu, diski ya breki na boliti zake, vyote pamoja, halafu linganisha na vile ulivyovua. Super Cub mwisho wake ni pauni 1,750, yaani kilo 794 na wewe na mafuta na mzigo vyote ndani. Tuseme seti mpya imeongeza kilo 20 kwa pande zote mbili, hizo ni karibu lita 28 za avgas, petroli ya ndege, ambazo huwezi kubeba tena ukiwa umejaza, na kwa injini ile ni kama dakika 50 za kuruka. Ndo maana tairi jepesi linastahili bei yake, maana kila kilo unayookoa kwenye gurudumu unairudisha kwenye tanki, na pia gurudumu zito linaipiga miguu ya ndege kwa nguvu zaidi kila ukipita shimo. Rimu za magnesiamu ni nyepesi kweli lakini chumvi inazila, kama unashinda Lamu au unatua ufukweni chukua za alumini.

Kitu ambacho watu hawakifikirii kabisa ni upepo wa ndani ya tairi. Tairi hizi zinaendeshwa na upepo mdogo sana ili zilalie ardhi, na upepo ukiwa mdogo hivyo hali ya hewa ya mahali inaugeuza vibaya. Chukua umejaza psi 6 (psi ndicho kipimo cha upepo wa tairi) Wilson asubuhi ya baridi, ukashuka Malindi kwenye joto, usawa wa bahari, kule hewa ya nje ni nzito zaidi, geji itakusomea kama psi 4 tu. Ukifanya kinyume, umejaza 6 Malindi, ukifika Wilson una kama 8. Na hii si pancha, tairi ni zima kabisa! Shida ni kwamba kwenye psi 4 ukibana breki rimu inazuiwa na tairi linaendelea kuzunguka juu yake, tyubu inavutwa, valvu inakatika na umekaa chini katikati ya pori. Chora mstari mmoja wa rangi nyekundu unaoanzia kwenye rimu ukapanda ubavuni mwa tairi, kila asubuhi uinamie uuangalie, ukikuta vipande viwili havikutani tena ujue tairi limeteleza, usiruke kabla fundi hajalifungua. Tairi za Alaskan Bushwheel hazina tyubu, valvu imejengwa kwenye tairi lenyewe kwa sababu hiyohiyo. Na tafuta geji ya psi za chini, ile ya kupimia gari ni ya namba kubwa, huku chini haikuambii ukweli.

Breki nazo. Tairi likikua kutoka inchi 22 hadi 31 na breki ni zilezile, nguvu inayofika chini inapungua karibu 30 kwa 100, kwa hiyo panga bajeti ya breki kubwa pamoja na tairi, si baadaye. Wala usifikiri ukishapata breki kali umemaliza, maana ndege sasa imesimama juu zaidi na ndege ya gurudumu la mkia inapenda kupiga pua chini ukibana ghafla. Kwa upande mzuri, propela inakaa mbali na mawe.

Makaratasi muhimu: kama ndege ina cheti cha kawaida cha kuruka tafuta kibali cha aina hiyo ya ndege kwa tairi hiyo, injinia asaini, na mamlaka ya anga ya nchi ndege iliposajiliwa ikubali. Kama ni Cessna 206 kumbuka uma unaoshika gurudumu la pua, tairi pana halitaingia kwenye uma wa zamani.

Beba pampu ya mkono, viraka na gundi, miiba ya migunga haina adabu. Baada ya kufunga pima ndege upya kwa sababu kwenye ndege ya gurudumu la mkia kilo zimeingia mbele ya kitovu cha uzito, pale ndege inapolingana mbele na nyuma, kisha safari za mwanzo ruka peke yako bila mzigo kwenye uwanja mrefu wa nyasi, ujue pua inavyokuziba macho ukiwa chini na kasi ya safari imepungua kiasi gani, ndo uanze kupiga hesabu ya mafuta.