Bembea ya tairi: chagua tawi kwanza, kamba baadaye

Bembea ikianguka, si lazima kosa liwe la kamba. Huenda tawi ndilo lililokuwa bovu tangu mwanzo. Kwa Dodoma, mti wa kwanza kuutafuta ni mkwaju: mbao yake ni ngumu na matawi yake hunesa bila kuvunjika ovyo. Mwarobaini mkubwa unafaa pia, na ndio uliojaa majumbani na mashuleni. Mlonge usiuguse hata ukiwa mnene, kwa sababu hukatika ghafla. Mgunga una kivuli kizuri, lakini miiba yake hudondoka pale pale watoto wanapokanyaga pekupeku.

Tawi liwe bichi, lilale karibu sawa na ardhi, lisipungue unene wa sentimita 20 pale kamba itakapokaa, na lisiwe juu zaidi ya mita 3. Kamba ya kwanza ikae mita 1 hivi kutoka kwenye shina, ya pili sentimita 50 mbele yake. Kisha kagua mchwa, maana huku ndio adui mkubwa. Ukiona njia za udongo zikipanda shinani, zikwangue, gonga tawi kwa nyundo, na chokoa gome kwa ncha ya kisu. Tawi likilia kama debe tupu, au kisu kikizama bila kukaza mkono, tafuta mti mwingine.

Kiti mwambie fundi wa katambuga (viatu vya tairi) akukatie. Achague tairi la nyuzi, si la waya, kwa sababu waya hujitokeza baada ya muda na kuchana mapaja. Ukanda uwe na urefu wa sentimita 70 na upana wa 18. Kila mwisho utobolewe matundu mawili ya mviringo, sentimita 5 kutoka ukingoni. Tundu la kuchanwa kwa kisu huendelea kuchanika. Tunapendelea ukanda huu kuliko ubao, kwani ubao ukimpiga mtoto anayepita nyuma humpasua kichwa.

Kamba nunua ya nailoni, unene wa milimita 16 hadi 20. Katani huoza kwa mvua za Desemba hadi Aprili, na kamba nyepesi ya plastiki huliwa na jua. Juu ya tawi tandika kwanza kipande cha tyubu ya gari, zungusha kamba mara mbili, kisha ifunge juu yake yenyewe kwa mafundo matatu mfululizo ukibakiza ncha ya sentimita 20. Ncha iyeyushe kwa moto isifumuke. Chini, ipitishe kwenye matundu yote mawili na kuifunga vivyo hivyo.

Ning'iniza viroba vya mchanga vya kilo 150 usiku kucha. Nailoni itavutika, hivyo rekebisha urefu asubuhi: kiti kibaki sentimita 40 kutoka chini mtu akiwa amekaa. Ardhi yetu wakati wa kiangazi ni ngumu mno kuangukia. Chimba sentimita 30, jaza mchanga wa korongo, na uupige reki kila wiki, maana chini ya miguu hutawanyika upesi. Mbele na nyuma acha nafasi tupu mara mbili ya kimo cha tawi.

Abembee mmoja mmoja, bila kanga, skafu wala kamba ya kofia shingoni.

Kila miezi sita legeza mafundo na usogeze kamba kidogo. Tawi hunenepa, na kamba isiyoguswa hukata gome linalopitisha chakula cha mti. Tawi hufa polepole, nje likionekana zima. Wakati huo huo, fumbua nyuzi za kamba kwa vidole. Zikitoa vumbi jeupe au manyoya mafupi, iteremshe siku hiyo hiyo na uikate vipande vifupi, watoto wasije wakaifunga kwingine.