Mwongozo wa usingizi kwa wapiga chuma: panga usiku kabla ya kupanga seti

Chuma huichosha misuli. Kuijenga hufanyika baadaye, mwili ukiwa umetulia, na sehemu kubwa ya homoni ya ukuaji humwagwa katika ule usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwafuatilia watu wazima wanene waliokuwa wakipunguza uzito kwa chakula, wiki mbili wakipewa saa 8 na nusu kitandani na wiki mbili nyingine saa 5 na nusu. Kilo zilizopungua zilikaribiana. Ila walipolala kidogo, mafuta yaliyopotea yalikuwa pungufu kwa asilimia 55, na nyama ya mwili iliyopotea ikaongezeka kwa asilimia 60. Hawakuwa wapiga chuma, lakini kwa anayekata mafuta huku akitaka kubaki na misuli, matokeo hayo ni ya kuzingatia sana.

Hatua ya 1: Anza na saa ya kuamka

Andika saa unayolazimika kuamka, kisha rudi nyuma saa 8. Anayeamka saa 11:30 alfajiri ili awahi daladala anatakiwa awe amezima taa saa 3:30 usiku. Atapata kama saa 7 hadi 7 na nusu za usingizi wenyewe, maana kuna dakika za kujigeuza na za kushtuka. Jumamosi na Jumapili saa ya kuamka isisogee zaidi ya saa moja. Ukilala Jumapili mpaka saa 4 asubuhi, usiku wake utabaki macho makavu, na Jumatatu utaingia jimu ukiwa mzito.

Hatua ya 2: Funga mlango wa kafeini mapema

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu mwilini. Kipimo kimoja cha unga wa kuongeza nguvu kabla ya mazoezi mara nyingi kina miligramu 200 au zaidi. Ukikinywa saa 11 jioni, saa 4 usiku bado una miligramu 100, sawa na kupanda kitandani ukiwa umetoka kunywa kikombe cha kahawa. Unaweza kupitiwa na usingizi, lakini ukawa wa mang'amung'amu. Asubuhi unaamka umechoka, jioni unaongeza kipimo, na mzunguko unaendelea.

Kikomo kiwe saa 7 mchana, chai ya rangi na kahawa ya kijiweni zikiwemo. Anayefanya mazoezi jioni apashe mwili kwa dakika 10 na ale ndizi mbili saa moja kabla, zitamtosha.

Hatua ya 3: Mazoezi na chakula cha usiku

Seti nzito (mikupuo ya kunyanyua uzito mkubwa) ziishe angalau saa 2 kabla ya kulala. Ukichelewa, anza na skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) au dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni), na acha kujisukuma mpaka misuli igome.

Kula protini gramu 30 hadi 40 katika mlo wa mwisho. Nusu lita ya maziwa na mayai matatu inafika hapo. Chipsi mayai zinazochuruzika mafuta, zikiliwa nusu saa kabla ya kulala, huleta kiungulia. Bia hulaza haraka, kisha huukatakata usingizi kuanzia usiku wa manane.

Hatua ya 4: Poza mwili

Mwili hushusha joto lake ili ulale. Oga maji ya uvuguvugu saa moja hadi mbili kabla: damu husogea kwenye ngozi na joto hutoka. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, chandarua huzuia upepo wa pangaboi, lakini usikiondoe, malaria ni hasara kubwa zaidi. Weka feni ya chini karibu na ubavu wa kitanda, ielekee kiwiliwili, na chandarua kivutwe vizuri kisigusane na ngozi. Shuka iwe ya pamba.

Siku ya dedilifti lala ubavu, mto mmoja katikati ya magoti, ili kiuno kisijipinde. Bega likiuma baada ya benchi (kusukuma chuma juu ukiwa umelala chali), usililalie.

Hatua ya 5: Uzito ufuate usingizi

Usiku mmoja mbaya kwa kawaida hauondoi nguvu zako. Zikifuatana siku tatu za kulala vibaya, ndipo mazoezi ya viungo vingi kama skwati, benchi na dedilifti yanapoyumba, hata kama mikono bado inakunja vizuri. Ukilala chini ya saa 5, mpango wa skwati seti 5 za marudio 5 kwa kilo 100 ugeuze kuwa seti 3 za marudio 5 kwa kilo 90, na usijaribu uzito wako wa juu kabisa siku hiyo. Ukiweza, jilaze mchana dakika 20 hadi 30 kabla ya saa 9 alasiri, na tega kengele.

Weka daftari. Mstari mmoja kwa siku unatosha:

*Jumanne: nimelala 4:10, nimeamka 11:30, nimeshtuka mara 1. Skwati 90 × 5, seti ya tatu nzito.*

Baada ya wiki 3 linganisha seti zilizokwama na usiku uliozitangulia. Mara nyingi kinachohitaji kurekebishwa kitakuwa kwenye saa ya kulala, na programu yako iko sawa.

Ukilala saa 8 na bado umechoka

Muulize unayelala naye kama unakoroma, kisha pumzi inakatika na unashtuka kama aliyepaliwa. Chukua futi ya fundi nguo upime shingo. Kwa mwanaume, kuzidi sentimita 43 ni dalili ya hatari ya ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, na unene wa shingo uliotokana na misuli haukukingi. Hilo halitibiwi kwa maziwa wala feni. Nenda hospitali ukamweleze daktari dalili hizo kama zilivyo, na muulize kuhusu kipimo cha usingizi.