Usinunue sabufa kwa kusoma boksi: jinsi ya kulinganisha spika za nyumbani ukiwa Dar

Watu wananiuliza sana, eti kati ya Sony na JBL ipi kali, au Sea Piano na Aborder nichukue ipi, na mimi huwa namrudishia mtu swali, sebule yako ina ukubwa gani na unasikiliza nini? Wengine wanakasirika wanaona nawazungusha. Ila jina la kampuni peke yake halikwambii kitu, maana kampuni hiyohiyo inatoa spika ya bei chee ya kuangalizia mpira na inatoa nyingine ya bei ya pikipiki, na zote mbele zina nembo ileile.

Mimi mwenyewe nilishapigwa. Nilikuwa nimepanga chumba na sebule Tabata, nikaenda Kariakoo na laki mbili na nusu mfukoni, winga akanidaka hata sijavuka Msimbazi, "karibu boss, sabufa, TV, friji, tunazo zote", akanipandisha ghorofani nikaoneshwa mzigo unawaka mataa kama ukumbi wa harusi, boksi limeandikwa PMPO 12000W. Nikasema leo Tabata watanijua. Nimefika home, volyumu ikifika nusu tu besi inaanza kukoroma, mwimbaji humsikii anasema nini, yaani ni vurugu. Nikaipeleka kwa fundi wa pale mtaani, mzee mtu mzima, nikamwamkia, akafungua skrubu nne akaanza kucheka. "Sasa mwanangu, hii twita huku juu ni pambo, haina hata waya." Kweli bwana, hiyo twita, yaani kaspika kadogo ka sauti nyembamba za juu, ilikuwa kidude cha plastiki kimegandishwa na gundi. Halafu akaigeuza akanionesha kikaratasi cha mgongoni ambacho sikuwahi kukisoma: 230V, 50Hz, 45W.

Kwa hiyo ukifika dukani, kabla hata hujaomba wakuwashie, geuza mgongo. Pale kuna umeme ambao kifaa kinavuta ukutani, na huo ndo unakwambia ukweli kuliko boksi. Kifaa kinachovuta wati 45 hakiwezi kutoa muziki wa wati 12,000, hizo nyingine zinatoka wapi, mbinguni? Amplifaya ya mtindo wa zamani inapoteza karibu nusu ya umeme kwa kuwa joto, ndo maana inachemka, na zile za kisasa zinazoitwa klasi D zinapoteza kidogo sana. Kuna kuvuka kidogo kwa sekunde chache kwa sababu kapasita zinatunza akiba ya umeme, sawa, ila 45 haigeuki kuwa maelfu. PMPO ni namba ya kupamba boksi, kila mtu anaikokotoa anavyotaka. Tafuta iliyoandikwa RMS, hizo ndo wati za kweli ambazo kifaa kinaweza kuzitoa mfululizo. Mfano Edifier R1280T, zile spika mbili za mbao ndogondogo, wanaandika wati 42 RMS kwa zote mbili, yaani 21 kila upande. Winga atakwambia hicho ni kitoto. Kaa uisikilize kwanza.

Na hata hizo wati za kweli usizikimbilie sana. Sikio letu liko hivi: ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu zaidi, ni tofauti ambayo mkeo jikoni hata hataigundua. Ili usikie sauti imekuwa mara mbili unahitaji karibu wati mara kumi. Ndo maana kuna namba nyingine watu hawaiangalii kabisa, inaitwa sensitiviti, inasema ukiipa spika wati 1 na ukakaa mita 1 inatoa desibeli ngapi. Spika ya 90 na spika ya 87 zinaonekana ndugu moja, kumbe ile ya 87 inahitaji wati mara mbili ili zilingane. Na spika ya 87 kwa wati moja tu, ukiwa umekaa kwenye kochi mita mbili tatu hivi, tayari inazidi sauti ya watu wanaoongea, ambayo ni kama desibeli 60. Sebule ya kawaida ya Dar wati 20 mpaka 40 za kweli kila upande zinakutosha na jirani anakuja kugonga mlango.

Haya, kusikiliza. Hapa ndo watu wengi wanachapwa na hawajui.

Muuzaji anajua mchezo mmoja: ile spika anayotaka kuitoa anaiweka sauti juu kidogo kuliko nyingine. Sikio la binadamu likisikia kitu chenye sauti kubwa zaidi linakihukumu ni kizuri zaidi, hata kama ni kitu kilekile. Kwa hiyo kabla hujalinganisha, zisawazishe sauti. Kuna app za bure za kupima desibeli kwenye simu, haziko sahihi kama kipimo cha maabara lakini kwa kulinganisha spika mbili kwa simu ileile sehemu ileile zinatosha kabisa. Wekea wimbo mmoja, kaa palepale, pandisha na shusha mpaka namba zilingane, ndo uanze kusikiliza. Mwambie pia azime vile vibatani vya X-Bass, Super Bass, sijui 3D, na ekolaiza airudishe kati. Atanuna kidogo, mwache anune, hela ni yako.

Na usikubali nyimbo za kwenye flashi yake. Ile flashi ya dukani imechaguliwa kwa kazi hiyo, mwanzo mwisho ni mdundo. Nenda na nyimbo zako unazozijua kama chumba chako, na ziwe za aina tofauti. Mimi huwa nabeba taarab ya zamani kwa ajili ya fidla na sauti ya mwanamke, hapo spika mbovu inajitaja yenyewe, sauti inatoka puani au fidla zinakuwa kali mpaka unakunja uso. Kisha kwaya, nione kama nasikia watu wengi au nasikia ukuta mmoja wa kelele. Muziki wa dansi wenye magitaa mawili matatu yanayojibizana, je naweza kulifuata moja bila kupotea? Singeli namalizia nayo, ile ngoma inakwenda midundo zaidi ya 200 kwa dakika, spika yenye besi nzito ya uvivu inashindwa kabisa, mdundo wa kwanza haujaisha wa pili umeshafika, vinachanganyika inakuwa mlio mmoja mrefu vuuuuu. Besi nzuri inapiga na inaacha. Watu wengi wa kwetu wanafikiri besi nzuri ni ile inayotikisa dirisha, mimi sikatai raha yake, ila kutikisa dirisha na kusikika noti ni vitu viwili. Kamba nene ya gitaa la besi ni kama hezi 41, yaani inatetema mara 41 kwa sekunde, kaspika ka inchi tatu hakafiki huko hata ukikapigia magoti, kanachofanya ni kupandisha ule mlio wa juu kidogo ya hapo ili ubongo wako udanganyike.

Jaribu na taarifa ya habari. Watu wanaona ushamba lakini sauti ya mtu anayeongea tunaijua sote toka tumezaliwa, mtangazaji akisikika kama yuko ndani ya ndoo basi ni ndoo.

Sasa majina, maana najua ndo mlichofuata. Nasema kwa masikio yangu, mwingine atabisha na ana haki.

Sea Piano, Aborder, Sayona, Ailyons, hizi ndo sabufa utakazozikuta nyumba nyingi hapa mjini, na mimi siwacheki wanaozinunua. Uzuri wake mkubwa hausemwi: fundi yeyote wa Mbagala au Manzese ameshazifungua, spea unapata, rimoti ikipotea unapata nyingine. Kwa mpira, tamthilia na sherehe ndogo ya uani inatosha. Ila modeli ni nyingi, ya leo na ya mwaka juzi ni vitu tofauti, kwa hiyo usinunue kwa sababu shemeji yako anayo nzuri, sikiliza ileile iliyo mbele yako.

Sony redio zake kubwa zimetengenezwa kwa ajili ya pati, besi imepandishwa toka kiwandani na hawafichi. Ukipenda hivyo utafurahi, ukitaka kusikiliza mashairi ya taarab usiku kwa sauti ndogo utaona besi inamfunika mwimbaji. JBL ni ya toka 1946, sasa hivi iko chini ya Harman ambayo Samsung waliinunua 2017, kwa hiyo yule anayebishana JBL na Samsung ni maadui ajue ni mtu na mwanawe. Spika zao za kubeba ni imara na zina sauti iliyochangamka, tatizo ni feki, nakuja huko. Yamaha kwangu ndo wakweli zaidi katika majina yanayopatikana kirahisi, haiongezi chumvi, ila mtu aliyezoea sabufa akiisikia mara ya kwanza anasema imepoa. Mpe wiki mbili. Bose wao mara nyingi hawaandiki hata wati, wanasema sikiliza mwenyewe, na kweli vispika vyao vidogo vinatoa sauti kubwa kuliko umbo, ila bei nayo imekaa.

Ukiwa na mfuko mrefu na una amplifaya yako, kuna Klipsch wa Marekani, wanatumia honi kwenye twita ndo maana hata wati chache zinapiga sana, ila kwenye nyumba ya tailizi zinaweza kukuchoma masikio. Kuna na Waingereza, Wharfedale wapo toka 1932, laini, za mtu mzima, na KEF wanaoweka twita katikati ya spika kubwa ili sauti yote itoke sehemu moja. Hizo nyingi utaagiza au utapata kwa mtu aliyetoka nje, yuzidi. Yuzidi nzuri inaishinda mpya mbovu kila siku, sema ikague ule mpira wa pembeni unaozunguka koni. Kama ni sponji, bonyeza taratibu kwa kidole, ikimeguka achana nayo, joto na unyevu wa Dar unaila sponji haraka. Ya raba inadumu. Na wa Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach, nyie mnaokaa na bahari, angalieni vituo vya waya nyuma, chumvi inaleta kutu halafu unasikia kwikwi unadhani spika imekufa kumbe ni waya tu.

Saundibaa sina mengi. Kama nafasi ndogo na unataka maneno ya filamu yasikike, nunua, hakikisha ina HDMI ARC, lile tundu la waya linalotoa sauti ya TV kuipeleka kwenye saundibaa, na TV yako inayo, utatumia rimoti moja. Ila saundibaa nyembamba bila sabufa yake kwa muziki ni kujipunja.

Feki. Kama bei ya JBL ni nusu ya maduka mengine yote, hujapata chimbo, umepata feki. Shika uzito, soma herufi za boksi moja moja kuna sehemu utakuta wamekosea, linganisha namba ya boksi na ya kwenye spika, na kwa zile modeli zinazotumia app ya JBL Portable iunganishe palepale dukani uone kama inaitambua. Dai risiti ya EFD yenye jina la kitu ulichonunua, siyo "vifaa" tu, na warantii iandikwe kwa tarehe na muhuri. Hiyo ya "ikisumbua niletee mwanangu niko hapahapa" nimeshaisikia, nimerudi nimekuta wanauza madera. Ukiuziwa feki kuna FCC, Tume ya Ushindani, hiyo ni kazi yao, lakini bila risiti unaenda kusema nini?

Nyumbani sasa. Spika iliyopiga vizuri dukani inaweza kuwa mbaya kwako na siyo kosa lake. Nyumba zetu ni tailizi chini, bloku ukutani, jipsamu juu, vioo vikubwa, sauti inagonga inarudi. Piga makofi katikati ya sebule, ukisikia mlio unabaki hewani tandika zulia, weka pazia zito, makochi ya kitambaa yanasaidia. Sabufa ukiisukuma konani besi inaongezeka bila kugusa kitu, ikizidi ivute mbele hata nusu mita. Spika mbili ziwe mbali kati yake kama zilivyo mbali na wewe, twita zikae usawa wa masikio ukiwa umekaa, siyo juu ya kabati la vyombo kama tulivyozoea. Hili halina gharama na linabadilisha sauti kuliko kuongeza laki juu ya bei.

Weka na kilinda umeme, umeme ukikatika na kurudi ghafla ndo unaua amplifaya nyingi, usilale umeiacha kwenye soketi. Na lile tundu la nyuma la sabufa, lile la kupumulia besi, mende wanalipenda kuliko kabati, kuna joto na giza. Ya kwangu ya pili nilikuja kuifungua nikakuta ukoo mzima. Siku hizi naziba kwa kipande cha neti ya chandarua, kimoja tu, hewa inapita besi haipungui.

Boksi usitupe mpaka warantii iishe, na siku hiyohiyo ya kwanza ipige masaa mawili matatu sauti ya kawaida na masaa mengine sauti ya juu kidogo, kama ina ugonjwa uuone wakati winga bado anakumbuka sura yako.